Nimekubaliwa Kuhamia UC, Sasa Naogopa Matokeo ya Mwisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Barua za kukubaliwa hutoka Aprili, na furaha yake hudumu kama wiki moja. Baada ya hapo simu yangu huanza kulia. Ni vijana wa Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi walioko kwenye vyuo vya jamii vya California, vile vya miaka miwili ambavyo mtu huanzia kabla ya kuhamia chuo kikuu, na wote wana hofu moja: "Nikiharibu mtihani wa mwisho, watanifutia nafasi?" Nilipita njia hiyo hiyo, nikalala macho wazi mwezi mzima wa Mei, kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba hofu yake ni ya bure. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi kila mwaka. Majibu ni ya wanaohamia Chuo Kikuu cha California (UC) kwa masomo ya Agosti au Septemba. Mengi yake yanafanana na ya vyuo vya CSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la California), ila barua yako ndiyo yenye neno la mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Barua inasema nimekubaliwa. Mbona bado nina masharti?

Kwa sababu walikukubali kabla hujamaliza. Maombi ya UC hufungwa kati ya mwisho wa Novemba na siku za kwanza za Desemba. Januari ulirudi kwenye fomu ukajaza alama za muhula uliopita na kuorodhesha masomo unayoyachukua sasa. Alama za muhula huu wa mwisho hakuna aliyeziona. Walichokubali ni rekodi yako ya nyuma pamoja na ahadi yako ya kumaliza ulichosema utamaliza.

Ndiyo maana udahili wenyewe huitwa wa masharti. Kabla ya kuthibitisha kwamba utakwenda, na mwisho wa kuthibitisha kwa wanaohamia huwa Juni 1, unapewa hati ya masharti uisome na uikubali. Wengi huipitisha kidole haraka ili wafike kwenye kitufe cha kuthibitisha. Irudie leo. Ingia kwenye akaunti yako ya mwombaji, ifungue hati hiyo, uihifadhi kwenye simu.

2. Masharti hayo huwa yapi?

Hutofautiana kati ya kampasi na kampasi, hata kati ya fani na fani ndani ya kampasi moja, lakini mifupa yake ni ile ile. Umalize masomo yote uliyoorodhesha, na hapo D wala F haitakiwi. GPA, yaani wastani wa alama zako, isishuke chini ya kiwango kilichoandikwa. Ufikishe angalau uniti 60 za semesta zinazohamishika (uniti ni kipimo cha uzito wa somo), au 90 kwa vyuo vinavyotumia robo mwaka. Ukamilishe masomo ya lazima ya fani yako pamoja na yale saba ya msingi ya UC: mawili ya uandishi wa Kiingereza, moja la hisabati, na manne kutoka sayansi, jamii au sanaa. Mwisho, nakala rasmi za matokeo ziwafikie kwa wakati, kwa kawaida kabla ya Julai 1.

Kama uliingia kwa TAG, yaani dhamana ya kukubaliwa kwa anayehama, ile inayotolewa na Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, jua kwamba dhamana nayo ina masharti yake. Haikukingi dhidi ya D.

## Alama zenyewe

3. Nina D kwenye somo moja. Nyumbani D ni kufaulu. Hapa je?

Swali hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu limewagharimu watu ambao hawakuwa wavivu hata kidogo. Aliyefanya kidato cha nne Tanzania anajua D ni alama 30 hadi 44, na ni ufaulu. Kwenye KCSE ya Kenya, chini ya D kuna D- na E. Akili imeshazoea kwamba D ni aibu ndogo, si mlango kufungwa.

Kwenye kuhamia, D ni mlango kufungwa kwa somo hilo. Chuo chako cha jamii kinaweza kukupa uniti zake, lakini masomo ya lazima ya kuhamia hudai C au zaidi. Hapo kati hakuna kitu: kanuni za California haziruhusu vyuo vya jamii kutoa C-. Ukikosa C unaangukia D+ au D moja kwa moja. (Kama una masomo ya chuo cha jimbo jingine, huenda kwenye rekodi yako kuna C-. Iulizie peke yake.)

Uzito wa D hutegemea imeangukia wapi. Hesabu ya kalkulasi kwa anayekwenda uhandisi ni jambo zito sana, maana somo la mwaka wa tatu linaanzia pale. D kwenye somo la ziada, ambalo halihesabiwi popote kwenye masharti yako na ambalo hata bila uniti zake umevuka 60, mara nyingi huzungumzika. Nimesema huzungumzika: wewe ndiye wa kulizungumza, na mapema. Nenda swali la 10.

4. Nilikuwa napata A tupu, sasa naona B na C. Wataniondoa?

Kushuka kutoka A hadi B hakufuti udahili. C moja nayo kwa kawaida haifuti, mradi hati yako haikutaja alama ya juu zaidi kwa somo hilo na GPA imebaki juu ya kiwango. Hatari ya C ni ya kimyakimya: inabana GPA bila wewe kuona. Swali linalofuata linaonyesha jinsi gani.

5. GPA inayotazamwa ni ipi, ya muhula au ya jumla?

Soma neno kwa neno. Hati nyingine hutaja ya jumla, nyingine ya muhula huu peke yake, nyingine zote mbili. Kiwango cha chini cha UC nzima kwa anayehama ni 2.4 kwa mkazi wa California na 2.8 kwa asiye mkazi, lakini hicho ni cha kuruhusiwa kuomba. Kampasi zenye ushindani huweka chao kwenye hati, na 3.0 kwa muhula wa mwisho ni kiwango utakachokutana nacho mara nyingi.

Usikadirie kwa macho. Chukua mwenye masomo manne: kalkulasi uniti 5, kemia uniti 4, historia 3, Kiingereza 3. Amepata C, B, A na B. Ukitazama unasema, "C moja, A moja, zimefutana, nina 3.0." Sasa zidisha: C ni 2 mara 5, pointi 10. B ya kemia ni 3 mara 4, pointi 12. A ni 4 mara 3, pointi 12. B ya Kiingereza, pointi 9. Jumla 43, gawanya kwa uniti 15: 2.87. Yuko chini. C ilikaa kwenye somo zito na A kwenye jepesi. Kalkulasi ingekuwa B, angepata 3.2. Kwa hiyo ukibakiwa na saa chache za kusoma, zipeleke kwenye somo lenye uniti nyingi lililo karibu na mpaka.

6. Nitajuaje alama ninayohitaji kwenye mtihani wa mwisho?

Silabasi inasema mtihani una uzito gani. Tuseme ni asilimia 25, na kazi zote za nyuma zimekupa 68. Umeshaweka kibindoni 68 mara 0.75, yaani 51. C ikianzia 70, zimebaki 19 kati ya 25, ambayo ni asilimia 76 ya mtihani. Hiyo inafikika kwa mtu aliyekaa kitako. Ikitokea hesabu inakudai 104, nayo umeijua leo badala ya Juni, na bado una nafasi ya kufanya kitu.

Hakikisha kwanza mfumo wa alama wa mtandaoni umeingiza kila kazi. Mara nyingi kazi ambayo haijasahihishwa haihesabiwi kabisa, na asilimia unayoiona inakudanganya juu au chini. Mwendee mwalimu saa zake za ofisi, mwulize, "Kwa rekodi yako, nimesimama wapi?" Sisi tuliolelewa kumheshimu mwalimu kwa kukaa mbali naye tunapata shida hapa. Huku saa hizo zimewekwa kwa ajili yako, na kwenda si utovu wa adabu.

## Kujitoa, kubadili, kurudia

7. Bora nijitoe nipate W kuliko kupata D?

W haigusi GPA, na hapo ndipo mtego ulipo. Kumbuka ulichoahidi: kumaliza masomo uliyoorodhesha. Kwa UC, kujitoa ni kubadili mpango, na ukifanya bila kuwaeleza umevunja sharti hata kama GPA yako ni 3.9. Kama somo ni la lazima kwa fani, W na D zinafanana kwa jambo moja: hujalimaliza. Kama ni la ziada, waandikie kabla ya kubonyeza, usubiri jibu la maandishi.

Saa nayo inakimbia. Kwenye vyuo vya jamii vya California mwisho wa kujitoa kwa W hauwezi kuvuka asilimia 75 ya muhula, na vyuo vingine hufunga mapema. Ikipita hapo, alama yoyote utakayostahili itaandikwa.

Ikiwa umekumbwa na jambo zito, kama ugonjwa, ajali, msiba au matatizo ya uhamiaji, kuna EW, kujitoa kwa udhuru. Huombwa kwa ushahidi na haihesabiwi dhidi ya maendeleo yako chuoni. Lakini kwa upande wa UC bado somo halijakamilika, kwa hiyo maelezo ni yale yale. Mwenye visa ya mwanafunzi asiguse W wala EW kabla ya kusoma swali la 13.

8. Naweza kugeuza somo liwe la kufaulu au kutofaulu, yaani P au NP?

Chuo chako kikiruhusu na tarehe ikiwa haijapita, P huhitaji C au zaidi, kwa hiyo haimwokoi mwenye D. Inamsaidia mwenye C anayelinda GPA. UC hupokea mpaka uniti 14 za semesta za namna hii ndani ya zile 60, lakini fani nyingi hazipokei P kwa masomo yake ya lazima. Uliza kampasi kwanza.

Alama ya I, yaani somo lisilokamilika, ni jambo jingine. Chuo cha jamii kinaweza kukupa hadi mwaka mmoja kulimaliza. UC haikusubiri mwaka. Ukipewa I, wao wanaona somo halijaisha, basi.

9. Nikifeli sasa, nirudie kiangazi kabla ya masomo kuanza?

Wakati mwingine inakubalika, lakini usijipangie mwenyewe. Masharti mengi husema masomo ya lazima yaishe muhula huu, na Berkeley, inayoanza Agosti, haina hata nafasi ya kalenda kama kampasi za robo mwaka zinazoanza mwisho wa Septemba. Kinachofanya kazi ni kwenda na pendekezo: "Somo hili linafundishwa kiangazi chuo fulani, litaisha tarehe fulani, nimeshajiandikisha. Mtalikubali?" Vyuo vya jamii hukuruhusu kurudia somo lenye D au F. Lenye C, kwa kawaida, hapana.

## Kusema au kunyamaza

10. Niwaambie sasa, au nisubiri matokeo labda nitapona?

Sema sasa. Kama kuna jibu moja ningependa ulichukue kwenye ukurasa huu, ni hili.

Najua kinachokuzuia. Umelelewa kwamba jambo baya likikaa kimya huenda likapita, na kwamba mwenye cheo usimpelekee matatizo ambayo hajakuuliza. Kisha kuna hesabu ya ndani: nikiwaambia nitakuwa nimejitia kitanzi mwenyewe. Lakini hati nyingi hudai uwajulishe D, F au badiliko lolote la masomo mara tu unapolijua. Kunyamaza kwenyewe ni kuvunja sharti. Anayesema Mei ana mtu wa ofisi anayeweza kumwambia chukua somo hili badala ya lile. Anayegunduliwa kupitia nakala ya matokeo Julai anaanza na makosa mawili: alama, na ukimya.

Mimi wiki tatu kabla ya mwisho nilikuwa na 64 kwenye takwimu. Nilikaa siku nne na ujumbe ulioandikwa bila kutuma. Nilipotuma, jibu lilichukua siku kumi na moja, na lilisema: jitahidi, ukipata chini ya C tuandikie tena siku hiyo hiyo, na hili ndilo somo la kiangazi tutakalolipokea. Sikulihitaji, nilipata C. Lakini zile siku zilizobaki nilisoma kama mtu mwenye akili zake.

11. Niandike nini, na kupitia wapi?

Tumia njia ambayo akaunti yako ya mwombaji inaelekeza kwa kubadili masomo au kuripoti alama. Usitumie barua pepe ya jumla kama kuna fomu maalumu. Taja jina lako na namba ya maombi, somo kwa jina na namba yake kamili, alama uliyonayo au unayotarajia, na kama somo hilo ni la fani, la msingi au la ziada. Sababu ieleze kwa sentensi mbili au tatu za ukweli. Kisha pendekezo lako. Ukurasa mzima wa kuomba radhi hausaidii, na usianze hadithi tangu kijijini. Anayesoma anataka kujua nini kimetokea na utafanya nini. Kila jibu lihifadhi kwa maandishi. Ukipigiwa simu, andika baadaye: "Kama tulivyoongea leo..."

Mshauri wa chuo chako cha jamii ni msaada mkubwa wa kupanga maneno, lakini akikuambia "hakuna shida" hajafuta sharti la UC. Ruhusa hutoka ofisi ya udahili ya kampasi iliyokupokea.

12. Alama zangu ni nzuri. Nakala ya matokeo inaweza kuniponza?

Inaweza, na ni huzuni kubwa kuona mtu mwenye A akihangaika Julai kwa jambo la karatasi. Kosa la kawaida ni kuagiza nakala kabla alama hazijaingia, ikafika na nafasi tupu. Wakati wa kuagiza kuna chaguo la kuizuia mpaka alama za muhula zitoke. Lichague. La pili ni kusahau chuo ulichosoma somo moja tu, hata la mtandaoni, hata uliloliacha. UC inataka nakala kutoka kila chuo. Na kama kuna sharti ulilolitimiza kwa cheti cha sekondari cha nyumbani, anza kukifuatilia mapema. Shangazi wa kukichukua ofisini anahitaji wiki kadhaa.

## Visa, fedha na nyumbani

13. Nina visa ya F-1, ile ya mwanafunzi. Nina la ziada la kuogopa?

Mawili. La kwanza, unatakiwa kuwa na uniti 12 kila muhula, na ni somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi uniti 3, linalohesabiwa humo. Ukijitoa ukashuka chini ya 12 bila ofisa wa wanafunzi wa kigeni kukuidhinisha mapema, umetoka kwenye hadhi yako ya visa, na hilo ni gumu kuliko D yoyote. Mwone ofisa huyo kwanza, kisha ofisi ya udahili.

La pili, rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, huhamishwa kwa tarehe mnayokubaliana na ofisa wa chuo cha jamii. Kabla ya tarehe hiyo uhamisho unaweza kusitishwa; baada yake rekodi iko mikononi mwa chuo kipya. Kama una shaka na alama, omba tarehe iwe baada ya matokeo kutoka, mradi masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano.

14. Msaada wa fedha utaguswa?

Kwa wanaostahili msaada wa serikali ya Marekani, vyuo hupima maendeleo ya masomo, na W na F nyingi hupunguza sehemu ya uniti ulizokamilisha. Udhamini binafsi una masharti yake tofauti na ya udahili. Soma barua ya udhamini kama ulivyosoma ile nyingine.

15. Nyumbani wameshatangaza na michango imeanza. Nawaambia nini?

Chuo hakitawaambia kitu. Sheria ya FERPA ya 1974 inaweka rekodi za mwanafunzi wa chuo mikononi mwa mwanafunzi, na mzazi hapewi alama bila idhini yako isipokuwa kwa hali chache. Kwa hiyo uamuzi ni wako, na uzito ni wako.

Ninachoshauri ni kumtafuta mmoja. Si mkutano wa ukoo. Mjomba, dada, au mama mwenyewe kama mnaongea, umwambie: "Nafasi ipo, ila ina masharti, na kuna somo moja linanisumbua." Wazazi wengi waliosoma kwa mfumo wa kwetu hudhani kukubaliwa kumeisha siku ya barua. Ukiwaeleza, huomba dua na kukuacha usome. Na kama usiku haulali, huli, au mawazo yamekuwa mazito kuliko mtihani, nenda kwenye huduma za afya za chuo chako uzungumze na mshauri wa afya ya akili. Huduma hizo zipo kwa ajili ya wanafunzi wote, na kwenda huko hakuripotiwi kwenye udahili.

16. Alama mbaya ya sasa itanifuata UC?

Uniti zinahamia, pointi za GPA hazihamii. UC utaanza GPA mpya. Lakini shule za uzamili, udaktari na sheria huomba nakala za vyuo vyote, kwa hiyo alama haijafutika duniani.

## Likishatokea

17. Naamini mwalimu amekosea alama yangu. Nifanye nini?

Mwandikie siku hiyo hiyo, kwa upole, ukiambatanisha kazi na hesabu. Sheria ya elimu ya California inasema alama ya mwalimu ni ya mwisho isipokuwa kwa kosa, ulaghai, nia mbaya au kutoimudu kazi. Kosa la kujumlisha ni kosa, na hurekebishwa. Kuona kwamba umesahihishwa kwa ukali hakumo humo. Wakati mnaendelea, ijulishe UC kwamba marekebisho yanasubiriwa.

18. Nimepata taarifa kwamba udahili umefutwa. Kumeisha?

Bado, lakini siku zinahesabika. Taarifa huja na tarehe ya mwisho ya rufaa. Isome, ujue sharti lipi hasa limetajwa. Kama ni nakala iliyochelewa, ipeleke na uthibitisho wa tarehe uliyoagiza. Kama ni alama, rufaa inataka jambo jipya walilokuwa hawalijui, kama cheti cha hospitali, hati ya kifo au barua ya mwalimu kuhusu kosa, pamoja na mpango wa kufidia somo. Kurudia kwamba ndoto yako ni kubwa hakuwapi sababu ya kuibadilisha rekodi.

Siku hiyo hiyo unapotuma rufaa, fanya mengine mawili. Jiandikishe kwenye masomo ya chuo chako cha jamii kwa muhula ujao, likiwemo lile lililokwama, usije ukakosa vyote. Mwenye F-1 hana hiari katika hili, na aanze kwa ofisa wake. Pia piga simu vyuo vya CSU na vingine vilivyokukubali, uulize kama bado vina nafasi. Uniti ulizonazo haziondoki. UC huweka kikomo cha uniti 70 za semesta za kuhamisha kutoka chuo cha jamii, lakini kwa aliyesoma vyuo vya jamii pekee, kuzidisha hapo hakumzuii kuomba tena. Dirisha la kuwasilisha maombi linafunguka Oktoba 1.